Kriketi sekondari: acheni wacheze kwanza, sheria zitafuata

Somo la kwanza la kriketi nililolitazama, nikiwa nimekaa pembeni mwa uwanja wa shule moja ya sekondari, lilikuwa la dakika 40. Dakika 20 za mwanzo zilikwisha bila mpira hata mmoja kurushwa. Mwalimu aliupenda mchezo huu kwa dhati, hilo lilionekana wazi. Alisimama mbele ya darasa akaeleza wiketi ni nini (vile vijiti ambavyo mpigaji huvilinda), akaeleza ova, akataja majina ya nafasi za wadakaji, akaorodhesha njia ambazo mpigaji anaweza kutolewa. Nyuma kabisa wavulana wawili walikuwa wakirushiana kokoto na kuidaka, mkono huu, kisha ule, na kila walipofanikiwa walirudi nyuma hatua moja moja. Walikaripiwa, wakaacha.

Mchezo ulipoanza wakachaguliwa 22, kumi na mmoja kila upande kama sheria inavyotaka, na waliobaki wakakaa kivulini. Msichana aliyetangulia kupiga aliukosa mpira wa kwanza kabisa, wiketi ikaanguka. Akawa ametoka. Aliliweka gongo chini taratibu, akapita mbele ya wenzake wote, akaenda kukaa. Mpaka kengele inalia hakuligusa tena.

Ukimwuliza msichana yule kama anaipenda kriketi, atakujibu nini? Amelishika gongo kwa sekunde tano. Na wale wavulana wa kokoto, ambao tayari walikuwa wanafanya mojawapo ya kazi ngumu za mchezo huu, yaani kudaka kitu kidogo kinachokuja kwa kasi, waliambiwa waache ili wafundishwe kriketi.

Nasema tunaufundisha mchezo huu kuanzia mwishoni. Kriketi ilichezwa kwanza, sheria zikaja nyuma yake, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa jibu la ugomvi uliokwisha kutokea uwanjani. Sisi tunawapa wanafunzi majibu yote kwa mkupuo kabla hawajakutana na swali hata moja.

Tazama historia yenyewe. Sheria za kriketi zinazotunzwa na klabu ya MCC (Marylebone Cricket Club) ya London leo ni 42, na ndani ya kila moja kuna vifungu juu ya vifungu. Hazikushuka kwa siku moja. Sheria za kwanza kuandikwa ni za mwaka 1744, na wakati huo wiketi ilikuwa na vijiti viwili tu. Mwaka 1771 mpigaji mmoja aitwaye White aliingia uwanjani kucheza dhidi ya timu ya Hambledon akiwa na gongo pana kama wiketi yenyewe. Hapakuwa na sheria ya kumzuia. Hambledon wakalalamika, na ndipo upana wa gongo ukawekewa kikomo cha inchi nne na robo, karibu sentimita 10.8, kikomo ambacho hakijabadilika mpaka leo. Mwaka 1774 ikaongezwa sheria ya mguu mbele ya wiketi, kwa sababu wapigaji walikuwa wamegundua kwamba mguu nao huzuia mpira vizuri. Mwaka 1775 mrushaji Stevens alimpita mpigaji hodari John Small mara tatu, na mara zote tatu mpira ukapenya katikati ya vile vijiti viwili bila kuviangusha. Watu wakaona dhuluma, kijiti cha tatu kikaongezwa.

Watu wazima wa karne ya 18 walihitaji kuona dhuluma kwa macho yao ndipo wakubali sheria. Kijana wa miaka 14 ana tofauti gani nao?

Nimeliona hili likitokea uwanjani, na ndilo lililonifanya niandike. Kundi la wanafunzi wanane walikuwa wakicheza kwa mpira wa tenisi, wiketi yao ndoo iliyopinduliwa. Mvulana mmoja mrefu aligundua kwamba akisimama mbele ya ndoo na kuuweka mguu wake sawasawa, hakuna mpira utakaoifikia. Mpira wa kwanza ukagonga goti lake. Wa pili ukagonga ugoko. Wa tatu, kelele zikalipuka: "Huo si mchezo!" Mwalimu hakupuliza filimbi kutoa mhadhara. Aliwauliza, "Sasa mnataka tufanyeje?" Wakabishana dakika mbili, wakakubaliana kwamba mguu ukiuzuia mpira ambao ungegonga ndoo, mpigaji ametoka. Msichana mmoja akauliza, nani ataamua kama ungegonga? Wakamteua mwenzao asimame nyuma ya mrushaji atazame. Kwa dakika chache wamejitungia sheria ya mwaka 1774 na kumpata mwamuzi, na sidhani kama yupo kati yao atakayeisahau. Ukiifundisha sheria hiyo hiyo ubaoni, pamoja na habari za mpira ulidundia wapi na ulikuwa unaelekea wapi, utaona macho yakizima safu baada ya safu.

Wazo hili si langu. Mwaka 1982 wakufunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, David Bunker na Rod Thorpe, walieleza njia ya kufundisha michezo katika sekondari kwa kuanzia kwenye kuuelewa mchezo badala ya mazoezi ya ufundi mtupu. Walikuwa wameona wanafunzi wanaofundishwa kupiga, kutupa na kudaka kila kimoja peke yake, halafu wakiingizwa uwanjani hawajui wafanye nini na ujuzi huo. Walipendekeza mchezo uliopunguzwa ukubwa uje mbele, mwanafunzi akutane na tatizo, na ufundi uletwe pale anapouhitaji. Katika njia hiyo michezo huwekwa katika familia, na kriketi, besiboli na softiboli ni ndugu wa familia moja, ile ya kupiga na kudaka.

Jambo hili la familia lina uzito kuliko linavyoonekana. Wanafunzi wengi hufika sekondari wakiwa na akili ya soka. Katika soka timu zote mbili huugombea mpira kwa wakati mmoja, na kila mmoja anataka kuusogelea. Ukiwapeleka kwenye kriketi bila kuwaonyesha tofauti, wadakaji wote watasongamana karibu na mpigaji kama nyuki. Mchezo wa familia hii unauliza maswali mengine kabisa. Mpigaji anajiuliza: pako wapi patupu? Mdakaji anajiuliza: nikisimama hapa, ninaacha wapi wazi? Hakuna anayempokonya mwenzake mpira. Kuna zamu, kuna nafasi, kuna kusoma nia ya mtu kabla hajafanya. Mwalimu akiwaacha wasongamane kwa mipira mitatu minne, mpigaji mjanja atausukuma mpira polepole kupita upande ulio wazi na kukimbia mara tatu. Hapo watatawanyika wenyewe, na unaweza kuwauliza kwa nini wametawanyika.

Turudi kwenye tatizo la kukaa bure, kwa kuwa hapo ndipo vipindi vingi vinapofia. Tupige hesabu ndogo. Ova moja ni mipira sita. Kwa wanaoanza, wakirusha kwa mtindo kamili wa mkono kupita juu, mipira ikienda kombo na kukimbiliwa mbali, ova humeza dakika nne kwa urahisi. Hata kipindi chote cha dakika 40 kikitumika bila neno la maelezo, ni ova 10, mipira 60, kwa darasa la wanafunzi 32. Ligawe darasa hilo katika makundi manne ya wanane, kila kundi na kona yake. Wawili wanapiga, sita wanarusha na kudaka. Kila jozi inapiga ova mbili, kisha inapisha nyingine. Mpira ukirushwa kwa mkono wa chini, ova haizidi dakika tatu, kwa hiyo ova nane huisha kwa dakika 24. Kila kundi limecheza mipira 48, darasa zima 192. Kila mwanafunzi amerusha ova nzima na amekuwa uwanjani kama mpigaji kwa ova mbili. Na bado zimebaki dakika 16 za kuzungumza, kunywa maji na kubishana.

Na mpigaji akitoka? Haendi popote. Jozi yake inakatwa mikimbio mitano (mkimbio ni pointi wanayopata wapigaji wawili wanapokimbia na kubadilishana pande), wanabadilishana pande, wanaendelea. Kosa lina gharama, tena gharama inayouma, kwa sababu mwenzake naye anailipa. Lakini halimfukuzi mtu uwanjani. Msichana yule wa mwanzo angeukosa mpira wa kwanza, angekatwa mitano, na angebaki na mipira mingine ya kujifunza kwa nini aliukosa.

Umri huu tuuangalie vizuri. Mtoto wa miaka saba akikosa mpira hucheka, akaomba mwingine. Kijana wa sekondari akikosa mpira hutazama kwanza nani amemwona. Mwili wake unabadilika kila mwezi, mikono imerefuka kuliko alivyozoea, na macho ya wenzake ni mazito kuliko mpira wenyewe. Mchezo unaomtoa mmoja mmoja na kumpitisha mbele ya hadhira baada ya kila kosa ni mzigo mkubwa kwa mtu wa umri huo katika siku yake ya kwanza. Siku ya 30 ataubeba, na utamjenga. Tofauti iko hapo.

Kuna wanaosema kulegeza sheria namna hii ni kuwadanganya wanafunzi, kwamba hiyo si kriketi. Ninaheshimu mapenzi yao kwa mchezo, lakini sikubaliani nao. Wenye mchezo wenyewe wameugeuza kila walipoona unawakimbiza watu. Mechi ya Test, ile ndefu ya kimataifa, huchukua hadi siku tano. Mwaka 2003 Waingereza walianzisha mashindano ya ova 20 kila upande, mechi inayomalizika kwa saa tatu hivi, na leo ndiyo sura ya kriketi inayojulikana zaidi duniani na ndiyo itakayochezwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Kama watu wazima wanaolipwa walifupishiwa mchezo ili watazamaji wasichoke, sioni dhambi ya kumfupishia kijana anayejifunza kushika gongo.

Hata kushika huko kuna siri ndogo ambayo huokoa vipindi vingi. Mwambie anayeanza "shika gongo", na mara nyingi mikono itaachana, mmoja juu, mwingine chini kabisa, kama anayepiga kasia. Akipiga hivyo gongo linageuka mkononi na mpira unaruka kando. Badala ya kumweleza, lilaze gongo chini, uso ukitazama ardhi, mpini ukimwelekea, kisha mwambie aliokote kama anavyookota shoka la kupasulia kuni. Mikono inakutana yenyewe. Hivyo hivyo kwenye kudaka: usimwambie habari za vidole, mrushie yai la kufikirika. Mikono yake itarudi nyuma pamoja na mpira, ikiupokea, badala ya kuungoja ikiwa imekakamaa kama ubao.

Mpira nao unataka uamuzi wa makusudi. Mpira rasmi wa kriketi kwa wanaume una uzito wa gramu 156 hadi 163, umefunikwa ngozi, mgumu kama mti. Mpira wa tenisi hauzidi gramu 60. Anayeanza apewe wa tenisi, na asionewe haya. Katika mitaa ya Karachi vijana huuzungushia mpira wa tenisi utepe wa umeme ili uende kwa kasi zaidi, na mtindo huo umelea warushaji wa kutisha. Donald Bradman wa Australia, aliyemaliza mechi zake 52 za Test kwa wastani wa mikimbio 99.94, utotoni huko Bowral alicheza peke yake kwa mpira wa gofu na kijiti cha wiketi, akiupiga mpira ukirudi kutoka kwenye msingi wa tangi la maji nyuma ya nyumba yao. Kwa hiyo shule isiyo na vifaa rasmi haijapungukiwa na mchezo. Imepungukiwa na vifaa tu, na hilo ni tatizo dogo zaidi.

Mpira mgumu uje baadaye, na uje pamoja na helmeti, glavu na pedi, vyote kwa pamoja au usije kabisa. Novemba 2014 mpigaji wa kimataifa wa Australia, Phillip Hughes, aligongwa shingoni na mpira katika mechi mjini Sydney, akafariki siku mbili baadaye. Alikuwa na miaka 25, alikuwa amevaa helmeti, na alikuwa bingwa. Mwalimu anayempa mtoto mpira wa ngozi bila kinga kwa sababu "ndiyo kriketi halisi" anacheza na kitu asichokijua. Na katika makundi madogo hatari kubwa zaidi wala si mpira, ni gongo. Mlinda wiketi anayesogea karibu mno, anayengoja zamu akisimama nyuma ya mpigaji, mpigaji anayeliachia gongo akianza kukimbia. Chora mstari chini, na asiye na kazi ndani yake asiuvuke.

Sasa kile ninachokipenda kuliko vyote katika mchezo huu, na ambacho nadhani ndicho sababu ya kuwapa vijana wa sekondari: maneno matatu. Wapigaji wako wawili, mmoja kila upande. Mpira ukishapigwa, lazima waamue pamoja kama wanakimbia, kwa muda usiotosha hata kuvuta pumzi. Mmoja anaita: "Ndiyo!" au "Hapana!" au "Subiri!" Hakuna neno la nne. Asiyeita, au anayeita nusu nusu, anamtoa mwenzake, kwani wadakaji wakiiangusha wiketi kwa mpira kabla hajafika, ametoka.

Nimemwona mwanafunzi ambaye darasani hajibu swali mpaka aitwe mara mbili. Alipopiga mpira wake wa kwanza alikimbia kimyakimya, mwenzake akabaki amesimama, wakakutana upande mmoja, mmoja wao akatolewa. Hakuna aliyemlaumu. Mara ya pili akasema "ndiyo" kwa sauti ya kwenye maktaba. Mara ya tatu ikasikika mpaka upande wa pili wa uwanja, na mwenzake akaruka kama aliyefyatuliwa. Kukimbia huko kunataka mtu aone, aamue, atamke na aaminiwe, yote kwa pumzi moja. Sijui somo jingine kwenye ratiba linaloomba hayo yote manne kwa pamoja.

Si jambo dogo hata kwa mabingwa. Tarehe 17 Juni 1999, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia uwanjani Edgbaston, Afrika Kusini walihitaji mkimbio mmoja tu kuishinda Australia. Lance Klusener alipiga, akakimbia. Allan Donald, upande wa pili, alikuwa akiutazama mpira, akachelewa, gongo likamponyoka. Akatolewa katikati ya njia, timu zote mbili zikiwa na mikimbio 213, na Australia wakasonga mbele kwa msimamo wa hatua iliyotangulia. Waonyeshe wanafunzi picha za mkimbio ule baada ya wao wenyewe kutolewa hivyo. Hawatacheka. Wataelewa.

Uwezo wa kufika mbali upo, na haungoji vizazi vitano. Rwanda ilianzisha chama chake cha kriketi mwaka 1999, mchezo ukiwa umeingia zaidi na watu waliorejea nchini baada ya 1994. Januari 2023, katika Kombe la Dunia la kwanza la wasichana chini ya miaka 19 nchini Afrika Kusini, wasichana wa Rwanda waliifunga Zimbabwe kisha wakaifunga West Indies. Hao ni wasichana wa umri wa sekondari. Ninawataja kwa sababu bado nasikia ikisemwa kwamba mchezo huu wafundishwe wavulana na wasichana wahesabu mikimbio. Kuhesabu ni kazi nzuri, inataka umakini na hesabu ya kichwa, lakini izunguke kwa kila mtu. Daftari la mikimbio lisiwe mahali pa kumficha asiyekimbia vizuri, wala asiyetarajiwa kukimbia.

Mwalimu ambaye hajawahi kucheza asiogope. Kwa njia hii ya makundi hatakiwi kuonyesha mapigo ya kitaalamu. Kazi yake ni kutazama, kuuliza swali linalofaa wakati unaofaa, na kuleta sheria iliyoitwa na mchezo. Akijifunza sheria mbili tatu mbele ya wanafunzi wake kila wiki, inatosha.

Kilichobaki ni urushaji, ufundi mgumu kuliko wote kwa anayeanza. Mkono unyooke, uzunguke juu ya kichwa, mpira udunde karibu na miguu ya mpigaji. Pichi kamili, yaani njia kati ya wiketi mbili, ina yadi 22, mita 20 na kidogo. Kwa mkono usiozoea ni mbali sana, kwa hiyo mita 14 au 15 zinatosha. Waanze kwa mkono wa chini. Ndivyo wote walivyorusha zamani, na ilichukua mpaka mwaka 1864 kwa mkono kupita juu ya bega kuruhusiwa rasmi.

Mwalimu yule wa mwanzo nilimwona tena muhula uliofuata. Makundi manne, ndoo nne, na wale wavulana wa kokoto wakiwa wadakaji wa mbali, mahali wanapostahili. Ilikuwa wiki ya sita. Mrushaji mmoja alichoshwa na mkono wa chini, akaukunja mkono na kuuvurumisha mpira kama anayetupa jiwe, ndoo ikalia. Wenzake wakapinga kwa sauti moja. Aliyekuwa kwenye gongo, msichana yule yule, akamgeukia mwalimu: "Mwalimu, kama kukunja hairuhusiwi, mbona wale wakubwa wanarusha kwa nguvu hivyo?" Mwalimu akauokota mpira, akarudi hatua tano, akaunyoosha mkono mpaka ukagusa sikio, na makundi yote manne yakaacha yaliyokuwa yanafanya, yakasogea kutazama.